Kufuli ya Choo cha Darasa la Pili

Ulimwona. Usianze kujitetea. Ilikuwa Jumanne, saa nne na robo asubuhi, na wewe ulikuwa umesimama dukani mbele ya geti la shule ukisubiri chenji. Mwanamke akatoka getini amemshika mkono binti wa miaka saba. Mtoto alikuwa amefungwa sweta kiunoni, mikono ya sweta imekazwa mbele, na soksi yake moja ilikuwa nyeupe, ya pili haikuwa nyeupe tena. Harufu ikakufikia. Ukainamia simu yako kana kwamba mtu amekupigia. Hakuna aliyekupigia. Na mwaka jana, mwezi wa tisa, uliwakuta mwanamke huyohuyo na mtoto huyohuyo kwenye kona ya zahanati, ukavuka barabara huku huna safari upande wa pili. Umesahau? Basi wako wasiosahau.

Huyo mwanamke ni Mama Cheche. Jina la mtoto lililoandikwa kwenye cheti ni jingine, lakini tangu alipoanza kutembea hakuna aliyewahi kumwita lolote ila Cheche, kwa sababu mahali alipokuwa ameketi sekunde moja iliyopita, humkuti tena.

"Mama, yule baba wa dukani kafanya hivi," Cheche akasema, akabana pua, akacheka.

"Nyamaza. Kwa nini hukuomba ruhusa?"

"Kilikuwa hakijaja."

"Kikaja lini?"

"Kilikuja, halafu kikaondoka. Halafu kikarudi chenyewe bila kuniambia."

"Kikaondoka kikaenda wapi, Cheche?"

"Sijui. Nilikuwa namwangalia sisimizi kabeba mkate. Mama, mkate ulikuwa mkubwa kuliko yeye! Kama mtu abebe kitanda!"

Mama Cheche akakaza mwendo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunja barua ya mwalimu mkuu hadi ikawa kama kijiti. Alishaisoma akiwa amesimama, mbele ya katibu wa shule aliyekuwa amefungua dirisha ghafla. Mara ya tatu muhula huu anarudishwa nyumbani kwa kujichafua, barua ilisema. Ikitokea ya nne, mtoto atabaki nyumbani mpaka atakapokuwa tayari kwa shule. Na nafasi katika shule ile hazikai wazi. Orodha ya watoto wanaosubiri ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, majina thelathini na moja, na kila mtu alijua aliyetoka harudi.

Mpaka atakapokuwa tayari! Mtoto aliyeanza kusoma akiwa na miaka mitano, bila kufundishwa na mtu, kwa kusoma maandishi kwenye makasha ya nyuzi za mama yake! Mtoto asiyeweza kupita ukuta wenye tangazo bila kulisoma kwa sauti, hata la dawa ya mende!

Mama Cheche ni fundi cherehani. Karakana yao inashona sare za shule, mashine sita kwenye chumba kimoja, na kazi yake yeye ni viuno vya sketi: zipu, mkanda, ndoano. Sketi arobaini kwa siku. Siku ile alifika saa tano na nusu, akaketi, akatia uzi, asimwangalie mtu. Lakini mpiga pasi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, alikuwa ameshaisikia habari.

"Mwenzangu, tena?"

"Tena."

"Basi tumshonee pampasi ya sare. Tuweke na nembo ya shule hapa nyuma, ili mwalimu mkuu aone heshima."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Cheche naye akacheka, kwa sababu asiyecheka ndiye huchekwa zaidi, na akiwa katikati ya kucheka sindano ikamwingia kwenye ukucha. Hakulia kwa ajili ya ukucha.

Nyumbani walikuwa watatu. Baba Cheche alikuwa mbali, akipaka rangi majengo ya watu, na sauti yake ilikuja kwa simu kila Jumapili ikiuliza jambo moja tu: "Ameacha?" Aliyebaki ni bibi wa mtoto, mama mkwe, aliyekaa kwenye kiti karibu na redio na kujua kila kitu.

"Mwanangu mimi alikuwa mkavu ana miaka miwili," bibi alisema jioni ile, beseni la nguo likipita mbele yake. "Miwili! Nilimweka kwenye poti, nikamwambia kaa, akakaa."

"Huyu hakai, mama."

"Hajaambiwa vizuri."

Kila njia ya kuambiwa vizuri ilikuwa imeshajaribiwa. Walimwamsha alfajiri. Walimwahidi baiskeli mwisho wa mwaka, akasahau ahadi kabla ya chai. Walimpa adhabu ya kufua nguo zake mwenyewe, akageuza povu kuwa ndevu. Kisha, miezi miwili kabla ya Jumanne ile, Mama Cheche akafanya lile aliloliona ni la akili kabisa. Alipiga hesabu kama anavyopima kitambaa: kinachotoka ni kile kilichoingia. Akapunguza maji. Nusu kikombe asubuhi, hakuna tena mpaka jioni, na jioni nusu nyingine. Mtoto alipolalamika kiu, bibi alimpa pipi anyonye. Mkojo ulipungua kweli. Lakini lile jingine likazidi, likawa la kila siku, likawa halina saa.

Na usiku wa Jumanne ile, alipoikuta nguo ya ndani imefichwa ndani ya mfuko wa daftari, kati ya hesabu na kusoma, Mama Cheche alishika kitu cha kwanza kilichokuwa mkononi, futi yake ya kupimia, akamchapa nayo mapajani. Mara tatu. Futi ya kitambaa haiumizi sana. Lakini Cheche, ambaye hakuwahi kutulia dakika mbili tangu azaliwe, alitulia. Alisimama pale pale akaisoma futi namba kwa namba kwa sauti ndogo, "arobaini na moja, arobaini na mbili," kama mtu anayetafuta kosa lake limeandikwa wapi.

Asubuhi mpiga pasi aliyaona yale macho ya Mama Cheche, akazima pasi.

"Dada yangu, nimekucheka vya kutosha. Kesho Alhamisi yupo yule nesi wa kliniki ya watoto, yule mwenye miwani ya kamba. Mpeleke. Viuno vyako nitavishona mimi."

"Wewe unajua viuno?"

"Nitavipinda. Watoto watavaa vilivyopinda. Nenda!"

Nesi hakuuliza mtoto ana tabia gani. Alimlaza kitandani, akampa kopo la vijiti vya mbao ahesabu, na wakati Cheche anahesabu akaliminya tumbo polepole, upande wa kushoto, chini.

"Mama, huyu alikwenda choo lini mara ya mwisho?"

"Anakwenda kila siku. Kwenye nguo."

"Hapana. Lete mkono wako. Minya hapa."

Mama Cheche akaminya. Chini ya ngozi ya mwanawe palikuwa na kitu kigumu kama ngumi.

"Hicho kimekaa siku nyingi," nesi alisema. "Utumbo umetanuka mpaka umechoka kutoa habari. Kinachomchafua ni kile kinachovuja pembeni ya hicho. Yeye hakisikii. Hafanyi makusudi, na hawezi kukizuia kama wewe usivyoweza kuzuia jasho. Maji anakunywa kiasi gani?"

Cheche akajibu kwa niaba ya mama yake, bila kuinua macho kutoka kwenye vijiti: "Nusu na nusu."

"Namnyima," Mama Cheche alisema. "Nilidhani nasaidia."

Nesi hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Walirudi mara mbili. Daktari wa kliniki alijaza fomu ndefu ya maswali, mwalimu wa darasa akajaza yake, na mwisho karatasi ikaandikwa herufi nne, ADHD, ambazo Cheche alizisoma kwa kishindo barabarani kama jina la timu ya mpira. Nesi ndiye aliyezifafanua.

"Wewe ukiwa kazini, mashine zinalia, mwenzako anakuita, simu inaita. Unajua lipi la kusikiliza kwanza, sivyo? Yeye hana wa kumpangia. Sisimizi, mwalimu, tumbo, vyote vinaongea kwa sauti moja, na sisimizi anatembea, basi anashinda. Usimuulize 'unataka kwenda?' Atakwambia hapana, na atakuwa anasema kweli. Mwambie 'muda umefika', basi. Dawa hii ya kulainisha kila siku, msiikatize mkiona nafuu. Maji, tena mengi. Baada ya kila mlo akae dakika kumi, miguu ikanyage kitu, isining'inie. Akifanya, mpe zawadi hapohapo. Ya Jumamosi kwake haipo. Akichafua, mbadilishe bila hotuba. Na mama, usimchape tena."

Hakuwa ameambiwa habari ya futi. Alijua tu.

Basi wakaanza. Aliyewashangaza ni bibi. Alisikiliza maagizo yote akiwa amenuna, kisha akasema, "Dakika kumi baada ya kula? Hiyo ni taarifa ya habari." Kuanzia siku ile redio ikawa mkuu wa choo. Taarifa ikianza, bibi anasimama, anagonga fimbo sakafuni: "Cheche, muda umefika!" Anabeba kigoda kidogo cha kukanyagia miguu, anaketi nje ya mlango. Ndani Cheche anasoma kwa sauti maandishi ya pakiti ya sabuni kuanzia juu hadi chini, na bibi nje anaitikia, "Enhe? Halafu inasemaje?" kana kwamba ni riwaya.

Mama Cheche akang'oa zipu na ndoano kwenye sketi zote za mwanawe, akatia mpira kiunoni. Alipokuwa anazing'oa ndipo alipojipima muda: ndoano, zipu, mkanda, sekunde kumi na moja kwa mikono ya fundi. Mtoto mwenye haraka angefanyaje? Miaka tisa anashona viuno vile, na hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtoto ndani ya sketi anayekimbia.

Zawadi ilikuwa vifungo. Kopo la vifungo vya karakana vilivyokosa wenzake, kila mafanikio kimoja, achague mwenyewe hapohapo, ashone mwenyewe kwenye utepe wa kitambaa. Wiki ya kwanza vifungo vitatu. Wiki ya pili likatoka lile gumu, kwa kilio kilichowaleta majirani mlangoni, na bibi akawafukuza: "Rudini! Hamna choo kwenu?" Wiki ya tatu vifungo kumi na vinne. Halafu siku mbili mbaya, mfululizo, na Mama Cheche akaketi kwenye sakafu ya bafu na nguo mkononi akaona mambo yote yamerudi mwanzo. Bibi akamnyang'anya ile nguo. "Nesi alisema bila hotuba. Na wewe usijihutubie."

Nyumbani, basi, njia ilionekana. Shuleni njia ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Kumbuka vizuri hapa, kwa sababu ulikuwepo. Januari ya mwaka jana, mkutano wa wazazi, ajenda ya sita. Watoto walikuwa wanaacha bomba wazi, tangi likakauka siku mbili. Mtu akapendekeza vyoo vifungwe wakati wa masomo, vifunguliwe saa nne na nusu kwenye mapumziko na saa za kutoka tu. Wanaokubali wanyooshe mikono. Jua lilikuwa kali, kila mtu alitaka kuondoka. Mama Cheche alinyoosha. Alikuwa bado na pini kwenye ukosi wa gauni, alikuwa anahesabu sketi zinazomngoja, angekubali hata wafunge madarasa. Alinyoosha mkono na kumfungia mwanawe choo. Na wewe ulinyoosha, safu ya tatu, mkono wa kulia, huku unaongea na jirani yako. Mikono sabini na miwili. Iliandikwa kwenye muhtasari.

Alipompelekea mwalimu mkuu barua ya nesi, ile iliyosema mtoto apelekwe choo kila baada ya saa mbili na wakati wowote akiomba, mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto mia sita na tangi moja.

"Mama, nakuelewa. Lakini nikimfungulia mmoja, wote watataka."

"Si watake, mwalimu? Ni choo, si pipi."

"Sheria si yangu. Ni ya wazazi. Mapumziko ni saa nne na nusu, atakwenda hapo. Zaidi ya hapo siwezi."

Wiki mbili Cheche aliendeshwa na kengele ya mapumziko, na wiki mbili hakuchafua. Mama Cheche alikuwa akisubiri simu kila asubuhi, mguu kwenye kanyagio, na kila siku iliyopita bila simu alishona kwa kasi ya kichaa. Kisha ikaja Alhamisi.

Saa tatu na dakika arobaini, katikati ya somo la hesabu, Cheche alisimama. Mwalimu wa darasa, msichana wa watu aliyeanza kazi mwaka huu, ndiye aliyesimulia baadaye, na alisimulia akilia. Cheche hakukimbia kama anavyokimbia siku zote. Alisimama kwanza, mkono tumboni, macho yametoka, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoijua. "Mwalimu!" akasema. "Kimekuja! Nimekisikia!" Na akatoka mbio.

Unaelewa kilichotokea? Utumbo ule uliochoka kutoa habari ulikuwa umetoa habari. Wiki ngapi za dawa, redio, vifungo, sakafu ya bafu, vyote vilikuwa kwa ajili ya hiyo dakika moja. Mtoto alisikia, tena peke yake, katikati ya kelele zote za dunia, na akalichagua tumbo. Alifika mlangoni na muda wa kutosha. Sketi ya mpira, sekunde moja. Alifika!

Na kufuli ilikuwa palepale. Mwenye funguo, mtunza stoo, alikuwa ametoka kununua chaki, funguo zikiwa mfukoni mwake. Cheche aligonga. Aligonga kwa mikono yote miwili. Mwalimu wake alipomfikia alimkuta anasoma kibao cha mlangoni kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo anavyofanya akizidiwa: "Choo kimefungwa. Tunza maji. Choo kimefungwa. Tunza maji." Na miguu yake ilikuwa imeshalowa.

"Ni mara ya nne," mwalimu mkuu alimwambia Mama Cheche, na alisema huku anaangalia meza. "Barua ilieleza."

"Mwalimu, alisikia. Amekimbia mwenyewe. Angefunguliwa asingechafua. Wewe hulioni hilo?"

"Naliona."

"Basi?"

"Basi sheria ipo. Leta sahihi za wazazi ishirini, katiba ya shule inaniruhusu kuitisha mkutano wa dharura na kufungua vyoo mpaka siku ya mkutano. Ukizileta kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi, barua yangu naichana mwenyewe. Baada ya hapo namwita wa kwanza kwenye orodha."

Nje, kwenye benchi, Cheche alikuwa amevaa kaptula ya michezo ya mtoto mwingine. Hakuwa anacheka. Hakuwa anasoma chochote, ingawa ukuta mzima ulikuwa umejaa matangazo.

"Mama," akasema, "nilikisikia kweli."

"Najua."

"Kesho kikija nisikisikie?"

Swali hilo Mama Cheche alitembea nalo Ijumaa jioni yote, Jumamosi kutwa, mlango kwa mlango, karatasi imebanwa kwenye kipande cha kadibodi ya patani ya kukatia sketi. Mpiga pasi, ambaye analea wajukuu wake wa darasa la nne, alikuwa wa kwanza kutia sahihi, akamleta na mumewe. Wengine walisema watafikiria. Mmoja akasema watoto wake walimalizana na mambo hayo zamani, ashukuriwe Mungu, na akafunga mlango kwa adabu. Mmoja akauliza kama huo ugonjwa unaambukiza. Mmoja akasema watoto wa siku hizi wanadekezwa, huku wa kwake amejificha nyuma yake amebana miguu. Mama Cheche aliiona ile miguu. Akamwambia, "Muulize wako kwa nini hanywi maji akienda shule." Yule baba akageuka, akamuuliza. Mtoto akasema, "Ili nisibanwe." Baba akaomba kalamu.

Hiyo ikawa ya kumi na saba.

Leo ni Jumapili, saa kumi jioni. Cheche tangu asubuhi amekataa maji. Hakuna aliyemnyima safari hii. Bibi anamsihi na kikombe mkononi, redio inaongea peke yake, na mtoto ametulia kwenye kona, ametulia kabisa, ule utulivu ambao watu wote walikuwa wakiuomba. Ngumi ile tumboni inaanza upya wakati huu huu, unaposoma.

Zimebaki sahihi tatu. Kwako Mama Cheche alibisha jana, mara mbili, na pazia likatikisika. Ulinyoosha mkono mwaka jana kwa jambo ambalo hata hukulisikiliza, mkono huohuo ushike kalamu. Usingoje abishe mara ya tatu. Karatasi iko karakana, juu ya mashine ya karibu na mlango, na mlango uko wazi mpaka saa moja. Vaa viatu. Mchukue na jirani yako mliyekuwa mkiongea naye kwenye safu ya tatu. Nenda utie sahihi, sasa hivi, halafu kesho saa mbili uwe mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na usiondoke mpaka kufuli ile imetolewa mbele ya macho yako.